Modeli za Tarakilishi na Seli za Mahali

Makala haya yananuia kueleza jinsi modeli ya kihisabati ilivyotabiri kuwapo kwa seli ya ubongo kabla seli yenyewe haijaonekana.

Mwaka 1971, John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky wa University College London walitangaza kwamba hipokampasi ya panya, sehemu iliyo ndani ya ubongo, ina seli zinazotoa mipigo ya umeme pale tu mnyama anapofika mahali fulani. Tuziite seli za mahali. Istilahi hii yafaa kuliko "seli za eneo", kwani sarufi yetu hutenga PA ya mahali mahususi na KU ya mahali pasipodhihirika. Seli hizi ni za PA.

Je, seli hujuaje kwamba mnyama amefika? Mwaka 1996, O'Keefe na Neil Burgess walibadilisha ukubwa wa sanduku alimotembea panya. Kuta zilipotenganishwa, mahali pa baadhi ya seli palirefuka. Pa nyingine pakagawanyika pawili. Ilidhihirika kuwa kuta ndizo kipimo. Kwa hiyo, mwaka 2000, Tom Hartley, Burgess na wenzao walibuni modeli yenye seli za mpaka. Kila moja hupiga ukuta unapokuwa umbali fulani, upande fulani: mathalani, karibu, kaskazini. Seli ya mahali hujumlisha mipigo ya seli kadhaa za mpaka, nayo hupiga jumla inapopita kizingiti. Ukuta wa kaskazini ukiwa karibu na wa mashariki vilevile, basi panya yumo pembeni.

Wakati huo seli za mpaka zilikuwa milinganyo tu. Mwaka 2009, Colin Lever na wenzake walizipata katika subikulamu, jirani ya hipokampasi.

Lakini je, kujifunza? Lever na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 2002 kuwa seli za mahali huanza kwa kutotofautisha sanduku la mviringo na la mraba, kisha hutofautisha polepole, siku baada ya siku. Jumla isiyobadilika haiwezi kueleza hilo. Mwaka 2007, Caswell Barry na Burgess waliipa modeli kanuni ya kujifunza: viungo baina ya seli huimarika au hudhoofika kulingana na tajriba, na kizingiti cha kuimarika husogea kadiri seli yenyewe inavyopiga. Wazo la msingi, la viungo kuimarishwa na matumizi, ni la Donald Hebb (1949).

Suala hili si la maabara pekee. Ugonjwa wa Alzheimer hushambulia mapema hipokampasi na sehemu inayopakana nayo, na aghalabu mgonjwa hupotea hata katika njia alizozizoea.