Kufundisha Uwiano kwa Meno ya Gia

Mwanafunzi wa Shirimatunda, au wa shule yoyote iliyo chini ya Kilimanjaro, huona mambo mawili mara kwa mara. Gari la abiria lipandalo kwenda Kibosho hunguruma sana lakini huenda polepole. Na mwenye baiskeli, afikapo mlimani, hushuka akaisukuma. Ukimwuliza habari za gari, atajibu kwamba gia "imeliongezea injini nguvu". Mwalimu asiyelisahihisha jibu hilo humfundisha mtoto kwamba kitu chaweza kupatikana bure. Gia haizai nguvu. Kazi yake ni kubadilishana: hutoa mwendo ili ipate kani ya kuzungusha, au hutoa kani ili ipate mwendo.

Hatua ya kwanza: baiskeli. Ipindue magurudumu yawe juu. Wanafunzi wahesabu meno ya mbele, penye pedali, na meno ya nyuma. Tuseme wamepata 48 na 16. Tia alama ya chaki kwenye tairi, kisha zungusha pedali polepole mara 1. Tairi itazunguka mara 3, kwa kuwa 48 ÷ 16 = 3. Baiskeli hii imepata mwendo kwa kupoteza kani. Ndiyo maana mlima humshinda mpandaji.

Hatua ya pili: stata. Hapa mambo hugeuka. Stata ni mota ndogo, nayo hutakiwa kuzungusha injini nzito. Kigia chake chenye meno 9, kwa mfano, huuma ukingo wa flaiwili wenye meno 117. Mota huzunguka mara 13 ili injini izunguke mara 1, na kani huongezeka karibu mara 13. Sasa uliza: injini ikiwaka na kuzunguka mara 800 kwa dakika, kigia kitazungushwa mara ngapi? Jibu ni 10,400. Mota ingeharibika; kwa hiyo kigia kimeundwa kiteleze bila kuiburuta mota, na dereva huachia ufunguo mara injini iwakapo.

Hatua ya tatu: giaboksi na difu. Angalia wanafunzi wasijumlishe panapotakiwa kuzidisha. Ikiwa gia namba moja ni 4 kwa 1, na difu ni 4 kwa 1, injini huzunguka mara 16 ili magurudumu yazunguke mara 1. Katika gia ya 1 kwa 1 huzunguka mara 4 tu. Ndiyo asili ya ngurumo ile ya mlimani. Wakati wa kuteremka, magurudumu ndiyo hulazimika kuizungusha injini mara hizo 16, nayo huyazuia, breki zisipate moto kupita kiasi. Basi dereva mwangalifu hateremki mlima akiwa ametoa gia.

Zoezi. Meno ya nyuma ya baiskeli yakiwa 24 badala ya 16, kupanda kutakuwa rahisi au kugumu zaidi? Hesabu itatoa 2. Usiridhike na hesabu hiyo. Mtake mwanafunzi aeleze ni kitu gani kimetolewa, na ni kipi kimepatikana.