UUGUZI NI ELIMU, TENA NI AMANA

Katika miji yetu ya pwani, tangu Kunduchi na Mbweni hadi Bagamoyo na Saadani, ni desturi njema ya tangu zamani kwamba mtu akiugua hawi peke yake. Jirani huja na uji, shangazi hukesha kando ya kitanda, na vijana hushika zamu ya kumgeuza na kumpepea. Desturi hii ni fahari yetu, nasi twamwomba Mwenyezi Mungu aidumishe. Lakini liko jambo moja linalotustaajabisha. Nyumba ile ile imsifuyo shangazi kwa kumwuguza mgonjwa, huona haya binti yao atakapo kwenda kusomea uuguzi. Husema: "Tumemsomesha ili akamwage mikojo ya watu?" Leo twataka kusema na wazee wenye rai hiyo, na pia na vijana walioanza masomo hayo, ili tupime pamoja kazi hii imesimama juu ya misingi gani.

Kwanza, kazi hii si ngeni katika Uislamu. Wanahistoria wa Sira wamemtaja Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, aliyekuwa na hema lake katika msikiti wa Madina, akiwatibu majeruhi. Katika Vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra, Saad bin Muadh alipopigwa mshale, Mtume (S.A.W.) aliamuru apelekwe katika hema hilo. Mwanamke huyu hakuhesabiwa kuwa mtumwa wa wagonjwa. Alipewa mahali pa heshima, karibu kabisa na Mtume mwenyewe.

Wala sisi watu wa Bagamoyo hatuna udhuru wa kusema kwamba mambo ya hospitali ni ya wageni. Sewa Haji, tajiri wa Kihindi aliyefanya biashara katika mji huu wakati wa misafara, alitoa katika mali yake ili hospitali ijengwe Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1897. Hospitali ile mwaka 1956 iliitwa Princess Margaret, na baada ya uhuru ikawa Muhimbili, nayo hata leo ina wodi zenye jina la Sewa Haji. Sadaka yake imeishi kuliko meno ya tembo yote yaliyopita bandarini.

Sasa tuitazame misingi yenyewe. Wa kwanza ni kuangalia kwa elimu, kisha kuandika. Mwanafunzi hufundishwa hatua tano: kumchunguza mgonjwa, kutambua shida yake, kupanga la kufanya, kulitenda, na kupima matokeo. Haya yaonekana maneno mepesi, lakini roho ya mtu imo ndani yake.

Tuseme mama mmoja amejifungua salama saa mbili usiku. Jamaa zake wamekwisha furahi na kutoka nje kupashana habari. Mwanafunzi ampima mapigo ya moyo, apata 84 kwa dakika, aandika. Baada ya robo saa apata 98. Baada ya robo saa nyingine apata 118. Mama asema hajambo, ila ana kiu na asikia baridi; na shinikizo la damu bado halijashuka. Asiyesoma atasema, "Amechoka, mwacheni alale." Aliyesoma ajua kwamba moyo wa mtu mzima aliyepumzika aghlabu hupiga baina ya 60 na 100, na kwamba moyo ukizidi kwenda mbio baada ya uzazi, pengine damu yapotea. Afunua shuka, aona khanga imelowa. Papo hapo amwita mkunga mkuu. Tumbo lakandwa ili mji wa uzazi ukaze, na sindano yachomwa. Damu ya uzazi ikimwagika kwa wingi yaweza kumwua mama kwa muda wa saa mbili tu. Basi ni nini kilichomwokoa mama huyu? Ni tarakimu tatu zilizoandikwa kwa uaminifu. Lau mwanafunzi yule angalikuwa mvivu akaandika 84 mara tatu bila ya kupima, karatasi ingalikuwa nzuri, na mtoto angalikuwa yatima.

Msingi wa pili ni usafi wa mikono. Mwaka 1847, katika mji wa Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona mama wengi wakifa kwa homa ya uzazi katika wodi ya madaktari. Mwezi wa Aprili walikufa 18 katika kila 100. Akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Mwezi wa Juni wakafa kiasi cha 2 katika kila 100. Sisi twatawadha kila siku, na hiyo ni neema. Lakini mwenye udhu asidhani kwamba udhu wa alfajiri wamtosha wodini. Baina ya kila mgonjwa na mwenziwe, sharti anawe tena kwa sabuni, sekunde 40 hadi 60. Wako vijana waogopao dawa ya mikono yenye spiriti kwa kuchelea haramu. Hao na wajue kwamba wanazuoni wa Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu, waliokutana Makka mwaka 2002, waliruhusu spiriti itumike nje ya mwili kwa kusafishia na kuua vijidudu.

Msingi wa tatu ni dawa. Kabla ya kutoa hata kidonge kimoja, muuguzi hujiuliza mambo matano: Je, mgonjwa ndiye? Dawa ndiyo? Kipimo ndicho? Njia ndiyo? Wakati ndio? Pwani yetu ina akina Fatuma na akina Juma wengi, na huenda wodi moja ikawa na wawili. Aulizaye jina kamili hakosi adabu, alinda uhai.

Msingi wa nne ni stara na siri. Mgonjwa mzee haamrishwi; huamkiwa shikamoo, huelezwa litakalofanywa, huombwa idhini, na pazia huvutwa kabla ya nguo kuinuliwa. Aliyoyaona muuguzi kitandani hayatoki kwenda barazani. Mtu akivunja siri hii, si yeye tu aliyeanguka. Kijiji kizima chaweza kuikimbia hospitali.

Matunda ya misingi hii tumeyaona hapa petu. Chanjo mbili za malaria ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipitisha mwaka 2021 na 2023, zote zilijaribiwa kwa watoto wa Bagamoyo pamoja na watoto wa miji mingine ya Afrika. Jaribio kubwa la ile ya kwanza lilikuwa na watoto 15,459 katika nchi saba. Homa ya kila mtoto ilipaswa kupimwa na kuandikwa kwa ukweli, la sivyo kazi yote ingekuwa bure.

Sasa twawarudia wazee wetu. Ninyi hutaka, na ni haki yenu, kwamba wake zenu na mama zenu wahudumiwe na wanawake wenzao wanapojifungua na wanapougua. Kisha mwawazuia binti zenu kusoma. Basi wanawake hao watatoka wapi? Nani atamstiri mama yako, ikiwa kila baba atamficha bintiye nyumbani na kungojea binti wa mwingine?

Nanyi vijana, msidhani kwamba moyo wa huruma peke yake watosha. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 haimruhusu mtu kufanya kazi hii bila ya kusajiliwa na kupewa leseni, maana huruma bila ya elimu yaweza kuua. Someni, pimeni, andikeni kweli, hata saa tisa za usiku pasipo msimamizi wa kuwaona. Maana yuko Aonaye.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na aitakabali kazi ya wote wanaokesha kwa ajili yao. Amin.