Usisafirie Nyota ya Mwenzio: Redio ya Chombo na Wito wa Kuomba Msaada Baharini

Wazee wetu wa pwani walituachia methali nyingi za bahari, na mojawapo ni ile isemayo: usisafirie nyota ya mwenzio. Mimi niliijua tangu utotoni, nikiitumia kama watu wote waitumiavyo, katika mambo ya ndoa, ya biashara na ya bahati. Sikudhani kwamba siku moja nitaiona maana yake imeandikwa kwa tarakimu tisa, ndani ya kisanduku cha redio, katika mashua ya mpwa wangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mpwa wangu huyo ni mtu wa dukani, si mvuvi, lakini aipenda bahari kama alivyoipenda babu yake. Alipojaaliwa alinunua mashua ya fiba iliyokwisha kutumika, yenye mashine moja nyuma, apate kuvua kwa starehe siku za mapumziko na kuwatembeza watoto wakati wa Idi. Aliyemuuzia alimwonyesha kila kitu: mashine, tangi la mafuta, nanga na amari yake, na redio ya VHF iliyofungwa karibu na usukani. "Redio nzima hii," akamwambia, "wewe washa tu useme." Mpwa wangu akaiwasha, akasikia watu wakizungumza, akaridhika. Hakuuliza zaidi. Nami nilikuwapo, wala sikuuliza.

Siku ya mkasa ilikuwa ya demani, kusi limepunguza ukali lakini halijalala. Tulitoka katika hori ya Mtwapa baada ya sala ya alfajiri, watu wanne, mmoja wetu mtoto wa miaka kumi na mmoja. Tukapita mlango wa mwamba, tukatupa mishipi. Mnamo saa nne mashine ikakohoa, ikanyamaza. Tukavuta kamba, tukasafisha, tukaomba dua, haikuitika. Upepo ukaanza kutusukuma kaskazini na kuturudisha pwani, ambako mawimbi yalikuwa yakipasuka juu ya mwamba. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa maana yake. Mashua ya fiba ikipandishwa mwambani na mawimbi haishuki nzima.

Mpwa wangu akatoa simu yake ya mkononi, imerowa, haiwaki. Yangu iliwaka, nikampigia rafiki yangu mwenye mashua. Ikalia mpaka ikakatika, kumbe mwenyewe ameiacha nyumbani. Ndipo tukaikumbuka redio. Mpwa wangu akakamata kipaza sauti akapiga kelele: "Haloo! Haloo! Jamani tusaidieni, twafa huku!" Kimya. Akarudia maneno yale yale. Kimya. Mara sauti ya mtu mzima, tulivu kama ya mwalimu wa chuo, ikatujibu kwa Kiswahili: "Ndugu yangu, nimekusikia. Nambie mambo matatu. Chombo chako ni kipi? Uko wapi? Umepatwa na nini?"

Tukamjibu. Akatuuliza tuko wangapi, akatuamrisha tushushe nanga, tuachie amari yote, tuvae majaketi ya kuokolea. Nanga ikaburura, ikaburura, kisha ikashika, nasi twausikia mwamba ukinguruma nyuma yetu. Baada ya muda uliotupita kama siku nzima, chombo chake cha uvuvi kikatokea, tukafungwa kamba, tukakokotwa mpaka horini. Alhamdulillahi.

Bwana yule hakutaka malipo. Alitaka jambo moja tu: twende kwa mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye zamani alikuwa afisa wa redio katika meli kubwa. "Awafunze kuita," akasema. "Mmeita mara mbili, wala sikujua ni nani, wala yuko wapi. Ningalikuja vipi?"

Tulikwenda jioni ya pili. Baada ya kuamkiana na kunywa kahawa, mpwa wangu akaeleza yote bila kuficha. Mzee akamwuliza, "Mwanangu, redio yako ina namba gani?"

"Chaneli kumi na sita, mzee."

Mzee akacheka. "Hiyo ni ya watu wote. Nakuuliza namba ya chombo chako."

Hakuna kati yetu aliyejua kuwa chombo kina namba. Basi mzee akatufunza, nami nawapa wasomaji yale niliyoyashika, kwa kuwa wenye mashua za starehe wazidi kuongezeka katika mwambao wetu, na aghalabu ujuzi wao wa redio ni kama ule wetu wa siku ile.

Kwanza, alisema, msiifananishe redio na simu. Simu humwita mtu mmoja, naye akilala au akiwa mbali na simu yake, umekwisha. Redio ya VHF huita kila aliye karibu: mvuvi, meli ya mizigo, tishari la bandari na kituo cha nchi kavu. Chaneli 16, yaani masafa ya megahezi 156.8, ndiyo ya kuitana na kuomba msaada duniani kote. Lakini mawimbi yake huenda kwa mstari ulionyooka, na mkunjo wa dunia huyakata. Kwa hiyo antena ikiwa juu husikika mbali, ikiwa chini husikika karibu. Redio ya mkononi yenye wati 5 haiwezi kushindana na ile iliyofungwa chomboni yenye wati 25 na antena juu ya mlingoti.

Pili, wito una adabu yake. Mabaharia wa kwanza wa redio waliita kwa vidoko vya Morse, na alama ya SOS ilikubaliwa mjini Berlin mwaka 1906. Titanic ilipozama mwaka 1912, alama hiyo ilikuwa mojawapo ya zile ilizotuma usiku ule. Redio za kusema kwa mdomo zilipoenea likatakiwa neno la kutamka. Mwaka 1923 afisa wa redio katika uwanja wa ndege wa Croydon, London, aitwaye Frederick Mockford, alichagua neno MAYDAY, litamkwalo mei-dei. Limetokana na Kifaransa, na maana yake ni "nisaidieni". Mwaka 1927 mkutano wa kimataifa wa Washington ulilikubali. Neno hilo halitafsiriwi, ili nahodha Mchina na mvuvi wa Vanga walielewe sawasawa.

Mzee akatuandikia maneno ya kusema, akatuagiza tuyabandike karibu na redio. Nayo ni haya: "MAYDAY, MAYDAY, MAYDAY. Hapa ni mashua Salama, Salama, Salama." Kisha namba ya chombo. Halafu: "MAYDAY, mashua Salama. Niko maili mbili mashariki ya mdomo wa hori ya Mtwapa. Mashine imekufa, twasukumwa mwambani. Twataka kukokotwa. Tuko watu wanne, mmoja mtoto." Ukimaliza, achia kitufe cha kusemea usikilize, maana ukikishikilia hutamsikia anayekujibu. Ajuaye Kiingereza na arudie kwa Kiingereza, kwa ajili ya meli za kigeni. Tazama, msomaji, ni maswali yale yale matatu ya mvuvi wetu: nani, wapi, nini.

Wala si kila shida ni MAYDAY. Neno hilo ni la hatari kubwa iliyokwisha kufika, inayotishia chombo au uhai wa mtu. Mashine ikifa nawe umetia nanga mahali pa salama, sema PAN-PAN mara tatu. Hilo ni la dharura isiyofikia mauti.

Tatu ndiyo iliyonitoa jasho. Mzee alifuatana nasi mpaka mashuani, akaiwasha redio, akafunua kifuniko kidogo chekundu. Chini yake mlikuwa na kitufe ambacho hatukuwahi kukigusa. Ukikishikilia kwa sekunde chache, alisema, redio yenyewe hupeleka wito kwa tarakimu katika chaneli 70, na meli kubwa zatakiwa kuisikiliza chaneli hiyo wakati wote ziwapo baharini. Wito huo hubeba namba ya chombo, na ikiwa redio imeunganishwa na kipimo cha setilaiti, hubeba pia mahali ulipo. Haya ni sehemu ya mpango wa usalama uliokamilika duniani tarehe 1 Februari 1999. "Siku hiyo," mzee akasema akitabasamu, "ndiyo siku kazi yangu ya Morse ilipozikwa. Lakini sikulia. Mashine hii haisinzii zamu."

Akabonyeza mpaka namba ikatokea kiooni. Ilikuwa ya tarakimu tisa, kama zote zilivyo duniani. Namba za vyombo vya Kenya huanza na 634. Ile yetu haikuanza hivyo. Ilikuwa ya chombo kingine, cha bendera nyingine, cha mtu tusiyemjua.

Mpwa wangu akaduwaa. "Sasa mzee, ningalikibonyeza siku ile?"

"Wito ungalikwenda, mwanangu. Lakini waokoaji wangalifungua daftari wakamkuta mtu mwingine. Wangalipiga simu nyumbani kwake, naye huenda angaliwajibu kwamba chombo chake kiko gatini, salama salimini. Wangalitafuta mashua ya umbo jingine na rangi nyingine. Na wewe ungali wangoja, na mtoto huyu mikononi."

Hakuna aliyesema neno. Mimi nikaikumbuka ile methali.

Na hapa ndipo nilipoelewa leseni ni kitu gani. Wengi wetu twadhani ni kodi nyingine tu, karatasi ya kuombwa na askari. Kumbe leseni ya redio ndiyo inayofunga namba kwa chombo na chombo kwa mwenyewe: jina lake, umbo lake, na mtu wa nchi kavu wa kuulizwa. Kanuni za kimataifa za redio hazikiruhusu chombo kutumia redio bila ya leseni ya serikali yake. Kwetu Kenya anayetoa leseni hiyo ni Mamlaka ya Mawasiliano, chini ya sheria ya mwaka 1998. Na mtumiaji naye hutakiwa awe amefunzwa na kupata cheti. Mjini Mombasa kiko kituo cha kuratibu uokoaji baharini kilichofunguliwa mwaka 2006, lakini kituo hakina ilimu ya ghaibu. Chajua kile tulichokiandikisha.

Basi anunuaye chombo au redio iliyokwisha kutumika na aulize namba kabla ya kulipa. Ikiwa ni ya mwingine, aombe yake. Redio nyingi hukubali kuandikwa namba mara moja au mbili tu, kisha hujifunga, kwa hiyo humbidi fundi aifute ya zamani. Auzaye naye aarifu kwamba chombo kimetoka mikononi mwake. Na aliyebonyeza kitufe chekundu kwa bahati mbaya asizime redio akajificha kwa haya. Na aingie chaneli 16, ataje chombo chake, aseme kuwa wito ule umefutwa. Kuona haya kwa dakika moja ni bora kuliko kuwatoa watu baharini bure, na huenda saa hiyo hiyo mwingine azama kweli.

Lakini asidhani mtu kwamba asiye na leseni anyamaze afe. Kanuni hizo hizo zamruhusu aliye hatarini kutumia njia yoyote aliyo nayo. Akikosa redio, na asimame anyoshe mikono pande zote mbili, aiinue na kuishusha polepole, tena na tena. Hiyo nayo ni alama ya kimataifa ya kuomba msaada, na haina gharama.

Baadhi ya jamaa watasema ajali ni kudura, na ajali haina kinga. Kweli, lakini tumefunzwa pia kwamba ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali. Na tunajua katika dini yetu daraja ya anayeiokoa nafsi moja. Yule mvuvi aliacha nyavu zake akaja kwetu. Haki yake ilikuwa tumwambie sisi ni nani na tuko wapi, asihangaike kututafuta.

Mpwa wangu sasa ana leseni na namba yake, inayoanza na 634, na yumo katika mafunzo ya cheti. Maneno ya mzee yamebandikwa kando ya usukani. Yule mtoto wa miaka kumi na mmoja ameyahifadhi kwa moyo, na kila tutokapo horini ndiye atuulizaye: "Mjomba, redio imewashwa?"