Mishale Isiyotulia Mkononi: Mchezo wa Lukuchuko Kando ya Ziwa Eyasi

Ukishuka kutoka Karatu mjini kwenda Ziwa Eyasi, utapita kwanza mashamba ya vitunguu ya Mang'ola. Nyuma yake, kwenye mawe na mibuyu, wanaishi Wahadzabe, watu elfu moja na ushei wanaosema lugha ya vidoko ambayo undugu wake na lugha nyingine yoyote haujathibitishwa. Wageni hupelekwa alfajiri kuwaona wakiwinda na kupekecha moto, kisha huondoka. Laiti wangekaa hadi mchana, saa ya kivuli, wanaume wanapoketi chini ya mti kucheza lukuchuko.

Vifaa vyake ni visahani vya gome la mti, pamoja na kimoja kikubwa kinachotawala vingine. Hushikwa kwa mkupuo na kurushwa kwenye shina. Vikianguka, watu huangalia kila kimoja kimelalia upande gani, wa gome kavu au ule laini, na kukilinganisha na kile kikubwa. Hapo ndipo mshindi hujulikana, na kelele huanza. Hakuna cha kukariri. Kijana hujifunza kwa kusimama nyuma ya wakubwa, kama anavyojifunza kufuata nyuki hadi kwenye mzinga.

Dau ndilo lenye uzito. Mwanamume huweka mishale yake yenye vichwa vya chuma, ile yenye sumu na isiyo na sumu. Huweka kisu, shoka, shanga, nguo, kiko cha jiwe, na mara mojamoja hata asali. Lakini viko vitu ambavyo kwa desturi havichezewi: upinde wake, mishale ya mti mtupu ya kupigia ndege, na mkoba wa ngozi. Kwa hiyo aliyeliwa kila kitu bado anao upinde, na kesho anaweza kwenda porini akarudi na chakula. Sijui sheria ya kamari iliyoandikwa na serikali yoyote inayomlinda mchezaji kwa uangalifu namna hii.

Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeanza kuishi na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwamba wanaume walitumia muda mwingi zaidi kwenye mchezo kuliko kwenye kutafuta chakula. Anayesoma kwa haraka ataita huo uvivu. Woodburn hakuona hivyo, nami nakubaliana naye. Katika makala yake ya mwaka 1982 kuhusu jamii zenye usawa, alionyesha kwamba mchezo huu ndio unaozungusha mali. Jiwe laini la kuchonga viko halipatikani kila mahali katika nchi ya Wahadzabe, ila viko vyenyewe vimeenea kote, kwa kuwa vinashindaniwa kambi hadi kambi. Tena, anayepata kwa njia hii hana wa kumshukuru, na aliyepoteza hamdai mtu fadhila. Kitu kimehama, na hakuna aliyegeuka bwana wa mwenzake.

Hapa bahati inafanya kazi ambayo ujuzi usingeiweza. Wamaasai wa Ngorongoro wana enkeshui, bao la kete na mashimo linalotaka hesabu na kuona mbali. Fundi wa enkeshui atawafunga wenzake leo na mwakani. Katika lukuchuko mwindaji hodari na yule asiyeweza kumpata hata digidigi wanasimama sawa mbele ya mti mmoja. Na mwenye kushinda sana haachiwi aondoke na mzigo wa mishale. Wenzake humbembeleza, humsonga, arudie tena na tena, mpaka ile bahati imwache.

Nikitoka huko na kupita kwenye vibanda vya kubeti vya miji yetu, moyo huniuma. Kijana anaweka nauli yake ya bodaboda, na ikiliwa haibaki mtaani. Imekwenda kwa kampuni asiyoijua, wala hakuna wa kumsonga mshindi huyo acheze tena. Mshale ulioliwa chini ya mbuyu bado uko kambini, na nyama utakayoiangusha italiwa na kambi nzima, aliyeupoteza akiwemo.

Mchezo hunoga kiangazi, kambi ndogondogo zinapokusanyika karibu na maji na watu wa sehemu mbalimbali kukutana na mali zao. Ndiyo maana suala la ardhi linaugusa moja kwa moja. Mashamba na mifugo vimeyasogelea maji hayohayo. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, upande wa Mbulu, walipata hati za kimila za ardhi yao. Hati hizo zinazungumzia mipaka, malisho na misitu. Kwangu mimi zinalinda pia kambi ya kiangazi iliyo kubwa vya kutosha kumkutanisha mwenye viko na mwenye mishale.