Fundi akisema chipu haisomeki
TV au king'amuzi kikigoma kuwaka, mara nyingine si umeme. Programu iliyo kwenye chipu ya kumbukumbu imeharibika. Fundi huisoma kwa kifaa kidogo, mfano CH341A, kilichochomekwa kwenye kompyuta.

Kompyuta ikijaza FF tupu, usikubali haraka kwamba chipu imekufa. Huenda klipu haijashika, au imegeuzwa: waya mwekundu ukae upande wa nukta ya chipu. Kwetu Mangapwani, upepo wa chumvi nao hutia kutu miguu ya chipu; isafishwe kwanza. Chipu ya volti 1.8 inahitaji adapta yake, la sivyo huweza kuungua.

Mwombe fundi asome mara mbili, alinganishe, ahifadhi nakala, ndipo afute. Ikifutwa bila nakala, namba za king'amuzi chako huenda zikapotea moja kwa moja.