Rangi za mimea: kabla hujapakia mzigo, jua inayoshika na inayopauka

BUJUMBURA – Mfanyabiashara mmoja wa Buyenzi alipata oda ya mifuko 60 ya pamba kutoka kwa mnunuzi wa Nairobi. Sharti lilikuwa moja tu: rangi iwe ya mimea. Akatumia manjano, mifuko ikatoka ya kupendeza, ikapakiwa ikaondoka. Baada ya wiki tatu ikaja simu. Mifuko iliyowekwa dirishani imepauka, na ule uliofuliwa umeingia wekundu ulipoguswa na sabuni. Salio la malipo halikuja.

Nilipomuuliza alishikisha rangi kwa kitu gani, alijibu bila kusita: "Chumvi, kaka. Si ndivyo inavyofanywa?"

Sivyo, na hapo ndipo fedha za wengi zinapopotelea. Chumvi inasaidia baadhi ya rangi za viwandani kuingia kwenye pamba, na huenda mazoea hayo yametoka huko. Kwa rangi nyingi za mimea haifanyi kazi ya maana. Kinachotakiwa ni madini ya kuunganisha rangi na uzi, na yaliyo rahisi kupatikana ni shabu, ile ile ambayo vinyozi hupaka baada ya kunyoa. Chuma nacho hushikisha, lakini hufanya rangi kuwa nyeusi nyeusi, na kikizidi kinaozesha uzi.

Pamba ina ugumu wake. Sufu na hariri hutoka kwa wanyama na huipokea shabu moja kwa moja. Pamba, katani na ukindu ni vya mimea, navyo huipokea kwa shida. Kwa hiyo nguo ya pamba huchemshwa kwanza kwa sabuni na magadi kuondoa nta, halafu hulowekwa katika maji ya magome yenye ukakasi, kisha ndipo inatiwa kwenye shabu, na rangi huja mwisho. Ukakasi huo unapatikana kwenye miwati, na kule Njombe, Tanzania, kampuni ya TANWAT imekuwa ikikamua dondoo ya magome hayo kwa ajili ya ngozi tangu enzi za ukoloni. Magome ya mikoko ya pwani pia yanao, ila mikoko haikatwi bila kibali, na msafirishaji asikubali kuibeba kwa maneno matupu.

Hata hivyo, shabu isingemwokoa dada yetu wa Buyenzi, kwa sababu kosa la pili lilikuwa mmea wenyewe. Manjano huingia kwenye pamba hata bila shabu, ndiyo maana inadanganya. Jua linaila upesi, na sabuni yenye magadi huigeuza kuwa nyekundu. Zingefuri, inayolimwa Kwale na Lamu nchini Kenya, inatafutwa sana kwa kupaka rangi vyakula, lakini kwenye nguo nayo haivumilii jua. Hina inafaa zaidi sufu na hariri kuliko pamba. Kwa njano ya kuaminika zaidi, maua ya bangibangi pamoja na shabu ni afadhali.

Anayeongoza kwa uvumilivu ni nili. Aina mojawapo ya mmea wake, Indigofera arrecta, ni ya asili ya Afrika Mashariki. Nili haihitaji shabu, lakini haiyeyuki kwenye maji. Lazima iwekwe katika chombo chenye magadi au chokaa na kitu cha kuiondolea oksijeni. Nguo hutoka humo na rangi ya kijani, ikapigwa na hewa inakuwa buluu mbele ya macho yako. Biashara ya nili ya mimea ilivunjika baada ya kampuni ya BASF ya Ujerumani kuanza kuuza ya kiwandani mwaka 1897. (Utomvu wa mgomba nao hautoki kwenye nguo, kama anavyojua kila mtu aliyewahi kukata ndizi akiwa na shati jeupe. Bado sijakutana na mtu anayeuuza kwa lita.)

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiyo inayowagusa wenye malori. Kupaka rangi kilo 100 za nguo ya pamba kwa rangi ya kiwandani kunahitaji takriban kilo 2 hadi 4 za unga. Kwa mimea mikavu unahitaji kilo 50 hadi 100, na shabu kama kilo 15 juu yake. Maji ni lita 2,000 hivi kwa kila beseni, na mabeseni si moja, tena lazima yachemke. Utaelewa kwa nini kiwanda kama COTEBU, kilichojengwa hapa mjini kwa msaada wa China na baadaye mitambo yake kuchukuliwa na Afritextile, hakiwezi kuendeshwa kwa magunia ya maua, hata kama pamba inalimwa hapo jirani katika bonde la Imbo.

Kwa maoni yangu, kubeba mimea mikavu kwa zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Dar es Salaam hadi Kobero na kushuka Bujumbura ni kusafirisha majani. Kinacholipa ni dondoo iliyokaushwa, au shabu, au bidhaa iliyokamilika. Ukilazimika kubeba mimea, ikaushwe vizuri, maana gunia lenye unyevu chini ya turubai linafika na ukungu.

Forodhani, taja mzigo kwa jina lake. Manjano, hata ukisema ni ya kupaka rangi nguo, huhesabiwa kama kiungo, namba 0910.30. Mimea mingine ya rangi isiyosindikwa iko chini ya 1404, dondoo 3203, na shabu 2833.30. Mimea mikavu huombewa cheti cha afya ya mimea. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinahusu bidhaa za ndani ya Jumuiya zisizozidi dola 2,000 za Marekani, hivyo shabu au hina iliyotoka India haipiti kwa njia hiyo.

Anayelenga Ulaya ajue pia kwamba huko nguo zenye rangi za azo zinazoweza kutoa kemikali 22 zilizotajwa katika sheria, zaidi ya miligramu 30 kwa kilo, zimepigwa marufuku tangu 2003. Rangi ya mimea haina tatizo hilo, ila muuzaji akichanganya kidogo ya dukani ili ing'ae, maabara itaona.

Kabla ya kulipa, kata vipande viwili. Kimoja kifunike nusu kwa kadibodi, ukiache juani wiki mbili. Kingine kifue kwa sabuni ya kawaida pamoja na kitambaa cheupe. Dada wa Buyenzi ameshatundika vyake, vya bangibangi na nili, kwenye mlango wa fundi cherehani karibu na soko la Ruvumera. Siku ya tisa nilipopita, buluu ilikuwa haijabadilika, na njano ilikuwa imeanza kufifia kidogo upande wa jua.