Ndoa Iliyofungwa kwa Mistari 12

Sehemu ya pili

Talaka ya Kiyahudi huandikwa kwa mkono. Mistari ni 12, lugha ni Kiaramu, na hati ikishakamilika mume humdondoshea mkewe katika viganja alivyovikinga, mashahidi wawili wakitazama. Huitwa get. Mume asipoitoa kwa hiari yake, mke atabaki mke wake, hata kama serikali imekwisha kuwatenganisha.

Msomaji wa pwani ataona tofauti hapo. Mke aliyedhulumiwa huenda kwa kadhi kuomba faskhi, na kadhi akiridhika huivunja ndoa mume atake asitake. Marabi, kwa kawaida, hawana rungu hilo. Mwanamke aliyenyimwa hati huitwa aguna, yaani aliyefungwa. Akizaa na mwanamume mwingine Myahudi, mtoto huzuiwa kuoa au kuolewa na Wayahudi wengi. Ndiyo maana wapo waume wanaoifanya hati hiyo kuwa bidhaa: lete nyumba, lete pesa, niachie watoto, ndipo nikupe hati.

Kunyima hati ni sura moja tu ya unyanyasaji, na anayetafuta dalili zake kwa kukagua alama za kipigo atakosa mengi. Mume hushika pesa zote, akadai risiti ya kila mkate. Au huigeuza dini kuwa fimbo: kila siku jiko la mkewe si kosha vya kutosha, yaani halifuati sheria ya Kiyahudi ya vyakula, kila siku sketi ni fupi. Mke akilalamika huambiwa alinde shalom bayit, amani ya nyumba. Neno zuri hilo, ila limewanyamazisha wengi. Nyuma yake kuna hofu ya aibu, kwa kuwa katika jamii zinazoozana kupitia washenga, siri ya mama ikitoka, posa za mabinti hupungua.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo mwili hausitiriki. Mke anayeshika dini huenda mikva, dimbwi la kujitakasa, kila mwezi baada ya hedhi, akazama majini mara moja au zaidi, huku mhudumu mwanamke akihakikisha hata unywele haukubaki juu. Mhudumu huyo huona michubuko ambayo hata mama mzazi haoni. Baadhi ya wahudumu sasa hufunzwa kuuliza kwa upole, na wapo wanaobandika namba za msaada ndani ya vyumba vya kubadilishia nguo, ambako mume hafiki.

Anayeondoka nyumbani anahitaji pa kwenda. Huko Israeli, shirika la Bat Melech huendesha makazi ya wanawake wa dini, ambako chakula ni kosha na Sabato inashikwa. Mtu halazimiki kuchagua kati ya usalama wake na imani yake. Na kama hatari inamkuta siku ya Sabato, simu ipigwe: kuokoa uhai hutangulia Sabato, na hilo marabi hawalibishanii.

Sheria za nchi nazo zimeamka. Tangu 1995, mabaraza ya marabi ya Israeli yanaweza kumnyang'anya mume mkaidi leseni ya udereva, kumzuia kusafiri, hata kumtia jela. Uingereza ilifika kwa njia nyingine, kupitia kosa la kumdhibiti mwenzi kwa vitisho, lililoingizwa sheriani mwaka 2015. Mwaka 2022 mahakama moja ya London ilimfunga miezi 18 mume aliyekuwa akimnyima mkewe hati. Jaji anaweza kumfunga mwanamume. Kuiandika ile mistari 12 kwa niaba yake hawezi.